Kijiko cha Mama Teklia

"Una hakika ulimwambia?"

Hiyo ilikuwa mara ya nne Zenia anauliza tangu watoke mjini Saskatoon. Orest hakuyatoa macho barabarani. Theluji ilikuwa ikikatiza lami chinichini, na pikapu yake kuukuu iliyumba kila upepo ulipoipiga ubavuni.

"Nilimwambia, mpenzi. Nikuapie?"

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, 'Mama, Zenia hali ngano. Ngano na tumbo lake ni paka na panya.' Basi."

"Akasemaje?"

"Akanyamaza."

"Akanyamaza vipi?"

Orest alicheka. "Wewe nawe! Kunyamaza kuna vipi na vipi? Alinyamaza, akaendelea kumenya viazi, halafu akasema, 'Haya, nitaona.' Sasa mama yangu akisema ataona, ujue ataona."

Zenia hakucheka. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho ndani ya glavu, ingawa hita ya gari ilikuwa imekufa tangu Novemba. Kila nguzo ya umeme waliyoipita ilimsogeza karibu na meza ya Mama Teklia, na meza hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi wiki nzima. Mtu akiogopa nyoka, watu humwelewa. Akiogopa radi, watamfunika blanketi. Lakini binti wa miaka ishirini na minane, mwenye kazi yake na akili zake timamu, anayeogopa sahani ya chakula, huyo atamwambia nani?

Wala hakuwa na woga wa bure. Aliumwa miaka mitano bila ugonjwa wake kuwa na jina. Chakula kiliingia na kutoka bila kuacha kitu mwilini. Tumbo likavimba, mikono ikakonda, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, uzito ukashuka hadi kilo thelathini na nane. Daktari wa kwanza alimwambia ni mawazo. Wa pili alimshauri aolewe. Wa tatu, Mungu ambariki, alimmezesha kidonge cha chuma kilichofungwa kwenye mrija mwembamba, kikashuka hadi utumboni, kikanyofoa kipande kidogo cha nyama, kikavutwa kurudi juu. Majibu yalipotoka alimkalisha kitini, akamwambia ana ugonjwa wa seliaki. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai ni sumu kwake, wala si vitu vya kupunguza. Ni vya kuacha mpaka siku atakayoingia kaburini, hata chembe asiguse.

Kuacha chakula ni kazi ndogo. Kazi ni kuwaambia watu. Pasaka ya mwaka sabini na sita alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja wa Yorkton, na mama wa kijana akamkatia kipande cha mkate wa Pasaka mbele ya ukoo mzima. Zenia aliona aibu kukataa. Alikula kipande cha upana wa vidole viwili, akatabasamu, akashukuru, na kesho yake akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Alilala huko siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili yule kijana alikuja na maua, akaondoka na pete. "Mama anasema sisi ni wakulima wa ngano," alimwambia bila kumtazama usoni. "Anasema nitaoaje mke anayeuawa na mkate?"

Tangu hapo Zenia alijua hesabu yake ilivyo: akisema, anaachwa, akinyamaza, analazwa. Alijifungia moyo, akala wali wake peke yake, akafanya kazi.

Na kazi yenyewe, msimcheke, ilikuwa ya ngano. Alikuwa mpimaji katika maabara ya nafaka, amefunga barakoa puani na mdomoni kutwa nzima, akizitenga punje kwa kibano na kuzipa daraja. Huko ndiko Orest Dubyk alikomkuta. Alikuja na kopo la ngano ya baba yake, akatoka na daraja la tatu.

"Dada, umeitazama vizuri?" aliuliza siku ile, amefura.

"Nimeitazama kuliko ulivyoitazama wewe, kaka. Imepigwa na baridi ya jalidi ikiwa mbichi."

Kesho yake alirudi na kopo jingine. Keshokutwa tena.

"Ngano ni ileile," Zenia alimwambia.

"Najua. Sikuja kwa ajili ya ngano."

Orest alikuwa hajauona hata mdomo wa Zenia. Alipenda macho tu yaliyochungulia juu ya ile barakoa, na miezi minane baadaye alikuwa bado anayatazama vilevile, kana kwamba yatamponyoka. Tangu alipoelezwa habari ya ugonjwa, alitembea na mswaki mfukoni mwa shati, na hakumbusu Zenia hata mara moja kabla ya kusugua meno. Mwanamke gani asingempenda mtu wa namna hiyo? Zenia alimpenda mpaka akaogopa. Mwezi uliopita alimwandikia karatasi, kila kisicholiwa kimo, akamwambia ampe mama yake mkononi. Orest aliikunja akaiweka kwenye pochi, naye Zenia akaamini itafika.

Jua lilikuwa likizama nyuma ya maghala ya bati walipoingia uani. Ilikuwa tarehe sita Januari, mkesha wa Krismasi kwa kalenda ya zamani ya kanisa lao.

"Kristo amezaliwa!" Orest alipaza sauti mlangoni.

"Mtukuzeni!" walijibu wa ndani.

Wa kwanza kuwapokea alikuwa Mjomba Metro, kaka yake Mama Teklia, mzee mnene mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku. Alimtazama Zenia, akamgeukia shemeji yake.

"Prokip! Ndiye huyu aliyeishusha ngano yako daraja la tatu? Mpokonyeni koti upesi asije akakimbia!"

"Ilistahili la nne," alisema Mzee Prokip, baba yake Orest, kwa sauti ya chini. Alikuwa amekumbatia mganda wa ngano atakaousimamisha pembeni ya chumba, desturi ya usiku ule. Alimpa Zenia mkono mpana, mgumu, na Zenia akaona kwamba mzee huyu hakuwa na neno naye.

Mwenye neno alikuwa jikoni. Mama Teklia alikuwa mfupi, aproni imekazwa kiunoni, kitambaa kichwani. Alimpima Zenia toka juu hadi chini, akarudi juu.

"Umekonda," alisema.

"Nimenenepa sana sasa, mama. Ungeniona zamani."

"Hm. Hebu njoo."

Zenia alimfuata hadi penye jiko. Mama Teklia alijifuta mikono kwa aproni. Kisha alifunua sufuria ya kwanza.

"Hii kabeji, ndani nimeviringa wali. Hii supu ya bitiruti, sikuiongeza unga. Hizi pirohi za kujaza na kuchemsha, unga wake nimekanda kwa viazi na wanga wa mahindi, zimenipasukia mara mbili, ya tatu zikakubali. Samaki sikumpaka kitu." Aligonga sufuria kwa ukucha. "Vyombo vyote nimevichemsha kwa maji ya majivu. Mwiko mpya. Chungu kipya. Wiki nzima Prokip anakula mkate wake kule kwenye jiko la nje, nilimfukuza kama mbwa."

"Ni kweli!" Mjomba Metro alidakia kutoka mezani. "Nilimkuta huko kavaa kofia na glavu, anatafuna huku machozi yameganda!"

Zenia aliitazama mikono ya yule mama. Ilikuwa imepasukapasuka kwa maji ya majivu, nyufa nyekundu kwenye kila kiungo. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo, hata mama yake mzazi hakuishi kuujua ugonjwa huu.

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme, utakula. Hata kutya, uji wetu mzito wa punje nzima na asali, mwaka huu sikupika ya ngano. Miaka thelathini na tisa niko katika nyumba hii, sijawahi kupika kutya isiyo ya ngano. Leo nimepika."

"Umepika ya nini, mama?" Zenia aliuliza, kwa mazoea tu, maana hofu ilikuwa imeanza kumtoka.

"Nyota!" alinguruma Mjomba Metro dirishani. "Nyota ya kwanza hiyo! Watu wazima tumefunga tangu asubuhi, jamani, mezani!"

Wakaenda mezani. Swali likabaki jikoni.

Nyasi kavu zilitandazwa chini ya kitambaa cheupe, mshumaa ukawashwa. Mzee Prokip alisali kirefu, kisha akachota kutya kidogo akairusha darini. Ikanasa. Walishangilia, maana ikinasa mwaka utakuwa mwema. Orest alimpapasa Zenia mkono chini ya meza, uso wake uking'aa kwa furaha ya kitoto.

Ndipo Mama Teklia alipoinuka na bakuli.

"Mama mkwe wangu alinilisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake," alisema, "mwaka nilioletwa hapa. Kabla yangu yeye alilishwa na wa kwake. Mwanamke akikipokea hiki, ni mtoto wa nyumba. Orest hajaniambia kama amekuvisha pete. Mimi pete sizijui. Najua hiki."

Akachota. Kijiko kikaja, kimejaa, asali ikining'inia. Zenia alifumbua mdomo, macho yamejaa machozi ya furaha, na kwa kuwa macho yale yalikuwa yamefundishwa kazi moja tu miaka sita mfululizo, yaliziona punje.

Zilikuwa zimezungukwa na mbegu nyeusi za mpopi. Lakini ziliiva vizuri, nene, nyeupe, na kila moja ilikuwa na mfuo mpana wa rangi ya udongo katikati. Mchele hauna mfuo. Ngano ina mfuo mwembamba uliozama.

Shayiri.

Labda nimekosea, alijiambia. Lakini alijua hakukosea, hakuwahi kukosea. Kijiko kilikuwa inchi mbili kutoka mdomoni. Aliliona lile dari la hospitali, akasikia magurudumu ya kitanda kikisukumwa. Akauona na uso wa Orest, ulivyochangamka, na akamwona kijana wa Yorkton akifungua kiganja chake apewe pete. Kijiko kimoja tu. Angeweza kukimeza. Angetabasamu, angeshukuru, na kesho asubuhi mambo yangejulikana mbali na watu hawa.

Asali ilimgusa mdomo wa chini. Zenia aliufumba mdomo, akageuza kichwa, akachukua kitambaa na kujifuta.

Kuifuta asali ya mama mwenye nyumba mdomoni mwako, mbele ya mumewe na kaka yake, mkesha wa Krismasi!

"Mama," sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine, "hii ni shayiri."

"Ndiyo, ni shayiri!" Mama Teklia bado alikuwa akitabasamu, hakuelewa. "Ya shamba letu la bondeni. Nimeikoboa mwenyewe kwa kinu cha mkono."

"Mimi shayiri siwezi, mama."

Mkono wenye kijiko ulibaki hewani.

"Huwezi vipi? Huli ngano. Ngano iko wapi hapo?"

"Shayiri nayo ni hivyohivyo. Na rai. Zote tatu. Ni..." Zenia alimgeukia Orest. "Kwani ile karatasi hukumpa?"

Wekundu ulipanda kutoka shingoni mwa Orest hadi kwenye masikio.

"Karatasi gani?" aliuliza Mama Teklia.

"Orest. Nimekuuliza."

Alitoa pochi mfukoni polepole, akaitoa ile karatasi. Ilikuwa bado imekunjwa vilevile alivyoikunja siku aliyopewa.

"Ilikuwa ndefu, mpenzi," alisema kwa unyonge. "Niliona nikimwambia ngano peke yake atakubali. Nikimpa yote hii... Niliogopa atasema una maringo. Nikasema, kwanza akuone, akupende, mengine tutaongeza kidogokidogo."

"Kidogokidogo?"

"Zenia..."

"Uliogopa mama yako atanuna. Hukuogopa mimi nitazimia? Mara nne nimekuuliza njiani, Orest! Mara nne!"

"Sikujua atapika shayiri! Nani hupika kutya ya shayiri?"

"Wanaoambiwa nusu ya habari ndio wanaopika!"

"Jamani, jamani," Mjomba Metro alijaribu, "shayiri hiyo nitaila mimi, na ya jirani nitaila, tatizo liko wapi?" Hakuna aliyecheka, naye akaangalia chini.

Mama Teklia alirudisha kijiko bakulini. Machozi ya hasira yalikuwa yamemjaa machoni.

"Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima nasugua vyungu. Halafu shayiri! Shayiri haijamdhuru mtu tangu dunia iumbwe, binti. Ndiyo chakula cha wagonjwa. Ndiyo tuliyowapa watoto wachanga, ndiyo niliyompa Olenka wangu mpaka siku..."

"Teklia," alisema Mzee Prokip.

Mama Teklia alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Zenia alikuwa amekwisha simama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye koti lake. Afadhali kuondoka mwenyewe kuliko kuletewa maua.

"Nisamehe, mama. Umenitendea wema ambao sitausahau. Mtu wa kulaumiwa si wewe."

"Unaenda wapi?" Orest aliruka kitini. "Zenia, huko nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri! Nilikosea, mpenzi. Nipige, nitukane, lakini usiondoke."

"Nipe ufunguo wa gari."

"Sitoi."

"Nipe ufunguo, Orest. Nilikuamini na tumbo langu. Unajua maana yake? Sijamwamini mtu hivyo miaka mitatu."

"Ukila," alisema Mama Teklia, "inakuwaje?"

Alisema taratibu, bila ile hasira, hata Zenia akageuka. Yule mama alikuwa hatazami mtu. Alikuwa anatazama pembe ya meza, kwenye sahani iliyowekewa marehemu, kama inavyowekwa kila nyumba usiku ule.

"Chakula kinapita tu, mama. Mwili unakufa njaa na huku unakula."

"Na kwa watoto?"

"Kwa watoto inaanza wakishaanzishiwa uji. Walikuwa wanene, wanaanza kupungua. Tumbo linakuwa kubwa, linang'aa. Mikono na miguu inakuwa vijiti, makalio yananyauka, ngozi inaning'inia. Wanakuwa na kisirani, wanalia kutwa, hawataki kubebwa."

"Hawataki kubebwa," alirudia Mama Teklia.

Alijishikiza kwenye kiti, akakaa. Mzee Prokip aliinuka akaja kusimama nyuma yake, akamwekea mikono mabegani.

"Olenka alizaliwa kabla ya Orest," alisema mzee kwa Zenia. "Mtoto wetu wa kwanza. Alikufa mwaka arobaini na tano, mwezi wa pili. Alikuwa na miaka mitatu."

"Daktari alisema tumbo ni dhaifu," Mama Teklia alisema. "Akasema ngano nzito, mpe uji wa shayiri, mwepesi. Nikampa asubuhi, nikampa mchana, nikampa jioni. Akitapika, nampikia mwingine. Alikuwa anafunga mdomo, anageuza kichwa, hivi." Akageuza kichwa, vilevile alivyogeuza Zenia dakika chache nyuma. "Nilikuwa namshika taya."

Orest alimtazama mama yake mdomo wazi. Habari ya dada aliyekufa aliijua. Hii hakuwahi kuisikia.

"Niambie, wewe umesoma mambo haya," Mama Teklia alimkazia Zenia macho. "Ni mimi?"

Zenia aliogopa kuliko alivyokiogopa kijiko. Angetamani kusema hapana, neno dogo, jepesi, na ingekuwa huruma. Lakini mtu aliyeulizwa hivyo na mama, akimdanganya, atamwangaliaje tena? Aliliacha koti likaanguka, akaja akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaishika ile mikono yenye nyufa.

"Sikumwona, mama, siwezi kuapa. Lakini unavyoeleza, ndivyo nilivyokuwa mimi. Miaka ile madaktari wenyewe walikuwa hawajui. Yule aliyekwambia shayiri, alikuwa hajui. Wewe ulikuwa unamwokoa."

Mama Teklia alilia bila sauti, mwili mzima ukimtikisika. Mjomba Metro alijipangusa masharubu na kitambaa cha meza.

Kisha yule mama aliinua uso ghafla.

"Ugonjwa huu unatembea kwenye damu?"

"Ndiyo, mama. Kwa ndugu wa tumbo moja hasa."

Wote wawili walimgeukia Orest kwa pamoja.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" alisema Orest.

"Kila msimu wa kuvuna unaumwa tumbo," alisema mama yake.

"Ni maji ya kisima, mama."

"Baba yako anakunywa kisima gani?"

Zenia, palepale alipopiga magoti, alianza kukumbuka mambo ya Orest. Vile vidonda vya mdomoni ambavyo havimwishi, akasema ni dawa ya meno. Usingizi wa saa kumi, anaamka bado amechoka. Mkanda wa suruali alioutoboa tundu jipya mwezi uliopita, wakacheka, akasema ni mapenzi yanamkondesha. Yeye, Zenia, mwenye macho ya kuona jalidi ndani ya punje ya ngano, amelala kifuani kwa mtu huyu miezi minane na hakuona kitu. Alikuwa amejiogopea mwenyewe tu.

Mama Teklia alikurupuka, akalivuta bakuli la kutya lililokuwa mbele ya mwanawe. "Weka kijiko chini! Usiguse! Kuanzia leo huli kitu humu ndani ambacho—"

"Hapana, mama," alisema Zenia. "Mwache ale."

"Unasemaje?"

"Akiacha sasa, utumbo utaanza kupona, na daktari akipima hataona kitu. Atamrudisha nyumbani, amwambie ni mzima, naye ataendelea kula miaka mingine ishirini. Lazima ale kama kawaida mpaka siku atakayopimwa."

"Mpaka lini?"

"Jumatatu nampigia daktari wangu. Pengine wiki tatu, pengine mwezi."

"Mwezi!" Mama Teklia alilikumbatia lile bakuli. "Mwezi mzima nimlishe? Mimi? Siwezi, mwanangu. Mungu anisamehe, huu mkono hauwezi tena."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita Zenia mwanangu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufurahi.

Zenia aliinuka. Alilichukua bakuli kutoka mikononi mwa yule mama, akavuta kiti, akakaa magoti kwa magoti na Orest. Uso wa Orest ulikuwa umepauka. Ile hofu iliyokuwa machoni mwake Zenia aliitambua, alikuwa ameishi nayo.

"Kile kidonge cha chuma," aliuliza Orest kwa sauti ya chini, "kinauma?"

"Kinatisha zaidi kuliko kinavyouma."

"Utakuwepo?"

"Bado nimekukasirikia."

"Najua. Utakuwepo?"

Zenia alichota shayiri, akaangalia isidondoke.

"Nitakuwepo. Fumbua mdomo."

Orest alifumbua. Meza nzima iliangalia koo lake likipanda na kushuka. Mama Teklia alifumba macho, na Zenia akachota cha pili.